Hakimu Aliyeshika Raketi

Kwenye viwanja vya udongo mwekundu vya Entente Sportive mjini Bujumbura, ubishi kuhusu mstari huwa haufiki mbali. Mpira ukidunda karibu na mstari mweupe na wachezaji wakatazamana kwa jicho la shaka, mmoja anasogea, anainama, na kuonyesha alama kwa ncha ya raketi. Alama iko ndani au iko nje. Udongo umeshasema. Tenisi ya mji huu imelelewa katika mazoea hayo. Sada Nahimana, aliyezaliwa hapa mwaka 2001 na baadaye akapitia kituo cha mafunzo cha Shirikisho la Kimataifa la Tenisi mjini Casablanca hadi kucheza Grand Slam za vijana, anatoka katika mji ambao mchezaji hujifunza kusoma ardhi mapema.

Pikoboli (pickleball), mchezo mwingine wa raketi na wavu, haichezwi kwenye udongo. Mpira wake ni wa plastiki ngumu yenye matundu, na juu ya udongo hauinuki ipasavyo. Unataka saruji, lami au sakafu ya ukumbi, na sehemu hizo hazibaki na alama yoyote. Mpira umegusa, umeondoka, hakuna shahidi. Ukiongeza kwamba michezo mingi ya pikoboli huchezwa bila mwamuzi, na kwamba katika mchezo wa mmoja kwa mmoja huna hata mwenzako wa upande wako wa kukukumbusha hesabu, unabaki na watu wawili, wavu, na kitabu cha sheria kichwani. Hapo ndipo ufundi wa sheria zenyewe unapoonekana. Waliozitunga walilazimika kuziunda ziweze kusimamiwa na mtu anayekimbia, anayehema na anayetaka kushinda.

Asili yake ni Marekani. Mwaka 1965, katika kisiwa cha Bainbridge karibu na Seattle, Joel Pritchard, mwanasiasa aliyekuja kuingia bungeni Washington, na rafiki yake Bill Bell walikuta familia zao zimechoshwa na siku ya mapumziko. Nyumbani kulikuwa na uwanja wa zamani wa badminton lakini vifaa vyake havikuonekana. Wakachukua vibao vya tenisi ya mezani na mpira wa plastiki wenye matundu, wakaanza kupiga. Wavu ulikuwa juu kama wa badminton. Walipoona mpira unadunda vizuri ardhini, wakaushusha hadi inchi 36. Wikendi iliyofuata akajiunga Barney McCallum, na watatu hao wakaandika sheria. Mashindano ya kwanza yanayojulikana yalifanyika mwaka 1976 huko Tukwila, jimbo la Washington, na chama cha taifa cha Marekani kilichapisha kitabu chake cha kwanza cha sheria mwaka 1984. Siku hizi mchezo umefika Nairobi na Kampala, na mtu wa Bujumbura mwenye ukumbi wa badminton ana robo tatu ya kazi mkononi mwake bila kujua.

Maana uwanja ni uleule. Pikoboli ina mita 13.41 kwa urefu na mita 6.10 kwa upana, sawasawa na badminton ya watu wawili wawili. Wavu unashuka kutoka mita 1.55 za badminton hadi sentimita 91 kwenye mistari ya pembeni na 86 katikati. Kinachobadilika ni mstari wa mbele. Wa badminton uko mita 1.98 kutoka wavuni, wa pikoboli uko mita 2.13. Sentimita 15 tu. Ukichora mistari yako kwa chaki, usizidharau, kwa sababu sehemu kubwa ya mchezo huu imejengwa juu ya mstari huo.

Jambo la kwanza linalomshangaza mtu wa tenisi ni kwamba uwanja haupungui wakati wachezaji wanapungua. Katika tenisi, mchezo wa mmoja kwa mmoja unaacha vichochoro vya pembeni, na upana unatoka mita 10.97 hadi 8.23. Pikoboli haina vichochoro. Mmoja anarithi eneo lililokuwa la wawili, lote. Mita sita si nyingi ukizitazama ukiwa umekaa kwenye benchi na Fanta mkononi. Zikimbie kwa dakika ishirini, katika joto la bonde la Tanganyika, halafu tuzungumze.

Kuanzisha mpira kuna masharti yaliyopangwa ili mpigo huo usiwe silaha kubwa mno. Mkono unatoka chini kwenda juu, mpira unagongwa chini ya kiuno, na kichwa cha raketi hakiruhusiwi kuwa juu ya kifundo cha mkono wakati wa kugonga. Anayeona masharti hayo yanamchanganya ana njia ya pili, iliyoingia katika sheria mwaka 2021: anauachia mpira udondoke wenyewe, bila kuurusha wala kuusukuma, unadunda, kisha anaupiga. Akichagua njia hii, masharti ya kiuno na kifundo yanaondoka, kwa kuwa mpira uliodondoka wenyewe haupandi juu kiasi cha kumpa mtu faida ya kuzungumzia. Napenda jinsi walivyolifikiria hili. Badala ya kumwekea mchezaji wa kawaida mtu wa kumkagua kiuno, wakampa njia ambayo maumbile yenyewe yanamkagua.

Mguu mmoja angalau uwe umegusa ardhi nyuma ya mstari wa nyuma, na hakuna mguu unaogusa mstari huo wala uwanja kabla mpira haujapigwa. Mpira unakwenda kwa mshazari, uvuke eneo la mbele pamoja na mstari wake, uangukie kisanduku cha upande wa pili. Nafasi ni moja. Tenisi inakupa mpigo wa pili ukikosea wa kwanza, na ndiyo maana wa kwanza unapigwa kwa hasira. Hapa ukikosa, zamu imehama. Na mpira ukigusa wavu ukaangukia mahali pake, mchezo unaendelea. Zamani ulirudiwa, sheria ikabadilishwa mwaka 2021, na kwa macho yangu ni mabadiliko ya busara kuliko mengi. Mguso mdogo wa wavu husikiwa na mmoja, mwingine hausikii, na anayedai kuusikia mara nyingi ni yule ambaye mpira umemshinda. Kitu kisichoweza kuthibitishwa na watu wawili kimeondolewa kwenye mjadala.

Sasa hesabu. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo mchezo wa mmoja kwa mmoja unapotofautiana kabisa na ule wa wawili wawili, na pia ndipo uzuri wake ulipo.

Katika pikoboli ya wawili wawili mwanzishaji hutaja namba tatu: pointi zetu, pointi zenu, na mimi ni mwanzishaji wa kwanza au wa pili. Wageni huchanganyikiwa, na hata wenyeji. Mmoja kwa mmoja, namba ni mbili tu. Yangu kwanza, yako baadaye. Kisha sheria moja fupi inashika kila kitu: namba yako ikiwa shufwa, yaani sifuri, mbili, nne, unaanzisha ukiwa upande wa kulia. Ikiwa witiri, moja, tatu, tano, unaanzisha kushoto. Anayepokea anakwenda kwenye mshazari wako.

Chukua mfano. Mmoja amevaa jezi ya klabu ya soka ya Vital'O, mwenzake fulana nyeupe. Wa jezi anaanza, anatamka “sifuri-sifuri,” yuko kulia. Anashinda mpira, anahamia kushoto, “moja-sifuri.” Anashinda tena, anarudi kulia, “mbili-sifuri.” Anapoteza. Hakuna anayepata pointi, ila zamu inahama. Wa fulana nyeupe ana sifuri, kwa hiyo anaanzia kulia: “sifuri-mbili.” Anashinda, kushoto: “moja-mbili.” Anapoteza, zamu inarudi. Wa jezi bado ana mbili, mbili ni shufwa, anakwenda kulia na kutamka “mbili-moja.”

Tenisi nayo hubadili pande, lakini kwa jumla ya pointi zote zilizochezwa katika gemu. Ukisahau jumla, umesahau upande. Pikoboli imefunga upande na pointi za mwanzishaji mwenyewe, za mpinzani hazihusiki. Matokeo yake ni kwamba miguu inatunza kumbukumbu. Mkibishana kama ulikuwa na tano au sita, jiulizeni mpira uliopita ulianzishwa kutoka wapi. Kama ulisimama kushoto, ulikuwa na witiri, na ukashinda, basi sasa una shufwa. Nusu ya ubishi imekwisha bila mtu kuitwa mwongo. Katika uwanja usio na ubao wa matokeo, mwili wa mchezaji mwenyewe ndio ubao.

Ndiyo maana kutaja hesabu si adabu tu. Ni sehemu ya sheria: mwanzishaji anatamka namba zote mbili kabla ya kupiga, na baada ya kuzitamka ana sekunde kumi za kuanzisha. Kutamka kwa sauti ni kumpa mwenzako nafasi ya kusema “hapana” wakati bado mnakumbuka. Atakayenung'unika kimoyomoyo tangu pointi ya tatu na kufoka kwenye ya tisa amejikosesha mwenyewe.

Pointi kumi na moja zinamaliza mchezo, mradi uwe umemzidi mwenzako kwa mbili. Mashindano mengine huenda hadi 15 au 21. Kila mchezo ukiisha mnabadilishana pande za uwanja, na ukifika wa tatu, ule wa kuamua, mnabadilishana pia mmoja wenu anapofikisha sita. Kwa Bujumbura sharti hilo lina uzito. Upepo wa mchana unaotoka ziwani haumbagui mtu, ila unampendelea anayepiga akiupa mgongo, na mpira wa pikoboli una gramu 22 hadi 26 tu, chini ya nusu ya ule wa tenisi, tena umetobolewa matundu kati ya 26 na 40. Upepo unauchezea utakavyo.

Tuje kwenye sheria ninayoiona kuwa moyo wa jambo lote: mpira lazima udunde mara moja kila upande kabla mtu hajaruhusiwa kuupiga hewani. Mwanzishaji anapiga, mpokeaji anauacha udunde, anarudisha. Mwanzishaji naye anauacha udunde. Baada ya hapo kila mtu huru.

Kwa maneno ni kanuni ya watoto. Uwanjani inageuza kila kitu. Mfikirie mpokeaji. Ameshaurudisha mpira, na anajua kwamba mwanzishaji hana ruhusa ya kuupiga hewani. Lazima ausubiri. Basi mpokeaji anakimbia mbele mara tu anapomaliza mpigo wake, na kama ameurudisha kwa kina, karibu na mstari wa nyuma, atafika mbele mpinzani wake akiwa bado amebanwa nyuma. Anayeshika mbele anaona uwanja mzima na anapunguza nafasi ya mwenzake. Kwa hiyo mwanzishaji, ambaye katika tenisi ndiye mfalme, katika pikoboli ndiye anayeanza akiwa amekandamizwa. Na bado yeye peke yake ndiye anayeweza kupata pointi.

Rudia kuisoma sentensi hiyo, maana ndiyo inayoshikilia mchezo. Mwenye haki ya pointi ana hali ngumu. Mwenye hali nzuri hana haki ya pointi, anachoweza kushinda ni zamu tu. Kwa mpango huo hakuna anayekimbia na mchezo. Mtu anaweza kuwa na saba kwa mbili, akaganda pale kwa zamu nne tano huku mwenzake akipanda moja moja. Nimeona watu wakihesabu ushindi wakiwa na tisa na wakaondoka wamepigwa. Wapo wanaotaka kila mpira uwe na pointi, bila kujali nani ameanzisha, na Major League Pickleball ya Marekani imetumia hesabu hiyo. Ni rahisi kwa televisheni, muda unajulikana. Lakini kwa mmoja kwa mmoja naiona kama kuondoa uti wa mgongo: ukimpa mpokeaji pointi juu ya faida aliyo nayo tayari, kuanzisha kunakuwa adhabu.

Kutokana na sheria hiyo ndipo ufundi wa mchezaji unapozaliwa. Fundi wa mmoja kwa mmoja haanzishi kwa nguvu ili kupata pointi ya bure, kwani hazipo nyingi. Anaanzisha kwa kina, mpira uangukie karibu na mstari wa nyuma, ili mpokeaji aurudishe akiwa amerudi nyuma na awe na safari ndefu ya kwenda mbele. Kati ya mstari wa nyuma na ule wa mbele kuna mita 4.57. Ukimwongezea mtu hatua mbili za nyuma, utamkuta njiani, miguu ikiwa bado inakimbia, na hapo mpira unaopita karibu na goti lake ni mgumu kuliko unaopigwa kwa kishindo. Mpokeaji naye anajibu kwa kina kilekile, akiulenga upande dhaifu wa mwenzake. Kisha swali la mwanzishaji linabaki moja: nimpitishe kulia, nimpitishe kushoto, nimpige miguuni, au niuinue juu ya kichwa chake? Ana chini ya sekunde moja ya kuchagua. Wanaotazama huona mikono. Mtu mwenye subira atazame miguu na mabega, maana jibu huwa limeshatolewa hapo.

Na kwa nini anayeshika mbele hammalizi mwenzake mara moja? Kwa sababu ya jikoni. Ndivyo wachezaji wanavyoliita eneo la mita 2.13 kila upande wa wavu, na jina hilo limekubalika kila mahali. Huruhusiwi kuupiga mpira hewani ukiwa umegusa jikoni, na mstari wake ni sehemu ya jikoni. Kuingia unaruhusiwa muda wowote. Unaweza kusimama humo tangu asubuhi ukipenda, na mpira uliodunda unaupiga bila wasiwasi. Kilichokatazwa ni kusimama wavuni na kuugandamiza mpira kabla haujadunda. Bila katazo hilo mrefu mwenye mkono mzito angekaa puani mwa wavu, na pikoboli ya mmoja kwa mmoja ingekuwa imekufa kabla ya kutoka Bainbridge.

Katika mchezo wa wawili wawili watu hukaa kwenye mistari ya majikoni wakipigiana mipira laini kwa dakika nzima. Mmoja kwa mmoja hayo huonekana kwa nadra, na ndiyo maana wengine hudhani jikoni haina kazi hapo. Ina kazi kubwa. Kwa kumsukuma mshambuliaji nyuma kwa mita mbili na kidogo, inafungua pembe ambazo asingeziacha wazi. Mpira wa mshazari unaopita mbele yake na kuzama pembeni haufikiki. Bila kuguswa, eneo hilo linaamua mpira uende wapi.

Waandishi wa sheria hawakuishia kwenye mguu. Ukipiga hewani ukiwa nje ya jikoni, kisha kasi yako ikakutumbukiza ndani, ni kosa, hata kama mpira umeshakufa na mpinzani ameshageuka kuuokota. Ukiwa umeingia jikoni, huwezi kuruka kutoka humo na kupiga ukiwa hewani, lazima kwanza miguu yote miwili iguse nje. Na kama kofia yako, miwani yako au raketi yenyewe itaanguka jikoni kwa sababu ya mpigo huo, ni kosa pia. Kofia! Mara ya kwanza sheria hii inachekesha. Ukiifikiria, unaona hoja: usawa wa mwili ni sehemu ya mpigo. Asiyeweza kupiga na kubaki juu ya miguu yake hajakamilisha kazi. Fundi anajulikana kwa jinsi anavyosimama baada ya kupiga.

Kosa la jikoni lina tabia nyingine: anayelijua kwa hakika ni mkosaji. Macho ya mpinzani yako kwenye mpira. Kidole cha kiatu kimegusa rangi ya mstari kwa nusu sekunde, na aliyehisi ni mwenye kiatu. Sheria inamtaka ajitaje. Mpinzani naye anaruhusiwa kulitaja akiliona, na mkishindwa kukubaliana, mpira unarudiwa.

Tumerudi kwenye mstari. Kila mchezaji anaamua mipira inayoangukia upande wake, yaani mtu anakuwa hakimu katika kesi yake mwenyewe, jambo ambalo mahakama yoyote ingelikataa. Lakini tazama walivyomfunga hakimu huyo. Mpira uliogusa mstari ni mzuri, isipokuwa ule wa kuanzisha ukigusa mstari wa jikoni. Kusema “nje” unatakiwa uwe umeiona nafasi kati ya mpira na mstari. Hujaona kwa uhakika? Basi uko ndani. Shaka yote ni mali ya mpinzani. Hakuna kusema “turudie, sikuona vizuri”. Kutoona vizuri kumeshahukumiwa. Watazamaji hawaulizwi, na hapo sheria inafaa kuchapishwa kwa herufi kubwa katika mji wowote wenye watu wanaopenda kuegemea uzio na kutoa maoni. Ukitaka msaada unaweza kumwuliza mpinzani, na akitoa jibu lililo wazi unalikubali, hata kama linakuumiza.

Kuna jambo dogo la kimaumbile linaloongeza uzito. Mpira wa tenisi ni laini, ukidunda unajibana na kuacha alama pana kwenye udongo. Wa pikoboli ni mgumu, unagusa ardhi kwa sehemu ndogo sana ya tumbo lake. Kwa hiyo mpira unaweza kuning'inia juu ya mstari ukitazamwa kutoka juu, na bado ukawa umegusa nje. Kinachohesabiwa ni pale ulipogusa. Aliyesimama mita nne kutoka hapo, akiutazama kwa mshazari, hawezi kujua, na sheria inamtaka asijifanye anajua. Mchezaji mzoefu huwa anajiweka sambamba na mstari akiona mpira unaelekea huko. Hafanyi hivyo kwa ajili ya kupiga tu, anajiandaa pia kutoa ushahidi.

Mengine yapite haraka. Kila mchezaji ana mapumziko mawili ya dakika moja katika mchezo wa pointi 11. Kuugusa wavu mpira ukiwa hai ni kosa. Mpira ukikupiga mwilini ni kosa lako, hata kama ulikuwa unaelekea nje kabisa, kwa hiyo kwepa, usiudake ukijiona mwerevu. Mkono ulioshika raketi, chini ya kifundo, unahesabiwa kama raketi. Urefu wa raketi na upana wake vikijumlishwa visizidi sentimita 61. Na mpira uliovutwa nje sana pembeni unaruhusiwa kurudishwa kwa kuuzungusha nje ya nguzo ya wavu, chini ya kimo cha wavu, bila kupita juu yake. Ni mpigo unaofanya watu wainuke vitini, na ni halali kabisa.

Nani anafaa kwa mchezo huu wa mmoja kwa mmoja? Wachezaji wa kulipwa kama Ben Johns na Anna Leigh Waters wameonyesha kasi inayotisha, na atakayewatazama anaweza kukata tamaa. Asikate. Wawili wenye magoti ya miaka hamsini wanaweza kugawana uwanja kwa urefu, kila mtu akacheza nusu, upana ukawa mita 3.05. Sheria za hesabu, za kudunda na za jikoni zinabaki zilezile. Kwa walimu wa tenisi naona hata faida ya ziada: mtoto aliyecheza wiki chache akijihesabia na kujihukumu kwenye saruji atarudi kwenye udongo akiwa hahitaji alama ili awe mkweli.

Kwa hiyo rai yangu ni kwa walimu wa michezo wa Bujumbura, wa Buyenzi, Bwiza, Kinindo na kwingineko, wenye ua wa shule uliomwagwa saruji au ukumbi wenye mistari ya badminton. Shusheni wavu hadi sentimita 91 pembeni na 86 katikati. Pimeni mita 2.13 kila upande, choreni. Mkiwa na raketi mbili na mpira mmoja, msisubiri kupata wanne. Anzeni na wawili, mmoja hapa na mmoja kule, na mfundisheni kila mmoja kutamka hesabu kwa sauti kabla hajapiga.